Kifaru cha Kisange

Alaumuye gurudumu na ashuke kwanza.

Hayo ndiyo maneno aliyowaambia yule mama muuza mihogo, wajukuu zangu, nanyi mkamcheka. Alikuwa amekaa zake kando ya barabara na karai lake la mafuta, akiwatazama mnavyolitukana tairi la gari la Mashauri kwa sababu limekwama topeni. Akayasema mara moja tu, kisha akaendelea kugeuza mihogo. Mwaija amekuja hapa dirishani kuniuliza, "Babu, yule mama ana maana gani?" Basi tulieni kidogo. Tope halitakimbia, na mechi haiwezi kuanza bila timu. Methali hii ina chanzo chake, na chanzo chake kilikuwa hivi.

Zamani palikuwa na mji uitwao Kisange. Ulijengwa juu ya kilima, na maji yake yote yalitoka katika chemchemi moja iliyokuwa bondeni, ng'ambo ya kijito. Mjini kwenyewe hapakuwa na kisima. Palikuwa na birika moja la kukinga mvua, na mvua yenyewe mnaijua, huja inapotaka.

Watu wa Kisange walikuwa na chombo cha vita ambacho hakikuwa na mfano. Kilikuwa kikubwa kama nyumba mbili zilizopandana. Kilijengwa kwa mbao za mvule na kufunikwa ngozi za nyati ili mishale isipenye. Mbele kilitokeza gogo refu lililovikwa chuma kwenye ncha, na kwa ajili ya pembe hiyo kikaitwa Kifaru. Kilikwenda kwa magurudumu manne, kila moja limempita mtu mzima kwa kimo. Wasukumaji waliingia tumboni mwake, wakasukuma wakiwa wamefunikwa. Kazi yake ilikuwa moja tu, kulifikia lango la adui na kulivunja.

Kazi hiyo kilikuwa hakijapata kuifanya. Mara ya kwanza kilipotolewa, enzi za mababu, kilizama kwenye kijito na adui akawapiga watu wa Kisange wakiwa wamekizunguka. Mara ya pili ekseli ilivunjika kwenye mteremko, na baadhi ya wasukumaji wakafia humo ndani. Tangu hapo hakuna aliyekiita Kifaru kwa heshima. Walikiita Mla-Wenyewe.

Jina baya likishaanza, hujilisha lenyewe. Mtungi ukipasuka, ni Mla-Wenyewe. Kuku akiacha kutaga, ni kwa sababu upepo umepita bandani kwa Mla-Wenyewe. Mtu alichelewa kuoa, akaulizwa kwa nini, akasema dirisha lake linatazama banda lile. Walisema mvule wake ulikatwa bila kuombwa, walisema magurudumu yake yana kiu ya damu. Mimi sipendi kuwahukumu upesi. Watu walikufa kweli, na mwenye msiba hutafuta pa kuutua. Lakini mara zote mbili baraza lilipokaa kuuliza sababu, waliulizwa wale waliokuwa juu ya Kifaru. Wale waliokuwa chini wakisukuma, waliobaki hai, hawakuulizwa.

Aliyekitunza alikuwa mwanamke aitwaye Mwanamize, mjukuu wa fundi aliyekijenga. Alilifagia banda lake, akapaka magurudumu na mbao mafuta ya mbarika, na kila asubuhi aliokota mawe ambayo watu walikitupia wakipita. Alikuwa amezoea. Mwanzoni alikuwa akibishana nao, baadaye akawa anaokota mawe tu.

Ndipo akaja mtu mmoja jeuri aitwaye Mkwaya, na jeshi lake. Hakuushambulia mji. Aliiteka chemchemi, akaizungushia boma la magogo, akatuma ujumbe mfupi: "Njooni mpige magoti, au mnywe machozi yenu."

Birika likaanza kushuka. Kwanza watu waliacha kuoga, kisha wakaacha kupika vya mchuzi, kisha maji yakawa yanagawiwa kwa kata ya kifuu, na mgawaji analindwa. Binti yake Mwanamize, Nakuzi, alikuwa amejifungua siku zile zile. Maziwa yakamkauka. Mtoto akawa analia bila machozi, kisha akawa analala sana, na kila mwenye akili mjini alijua maana ya mtoto mchanga kulala sana wakati wa kiu.

Mkuu wa mji, Jumbe Mwinyikai, akaliita baraza. Hapakuwa na njia nyingine. Bila kulivunja lango la boma lile, maji hayapatikani. Akasema, "Mwanamize, toa Kifaru chako. Lakini nakuapia, kikizama tena nitakichoma papo hapo mbele ya macho yako. Na kikishaungua, tutakwenda kwa Mkwaya kupiga magoti."

"Hakitazama, Jumbe," alisema Mwanamize, "kama kitakwenda kitupu."

"Kitupu vipi?"

Hapo lazima niwaeleze desturi ya Kisange, maana bila hiyo hamtaelewa. Mji ule ulikuwa na mbari nyingi, na kila mbari iliona haya kutembea nyuma. Ilikuwa ikisemwa kwamba mbari ambayo haimo juu ya Kifaru siku ya vita, basi vita si vyake, na vita vikiisha itakaa karibu na mlango barazani, kama wageni. Kwa hiyo kila mbari ilipandisha juu kitu chake kikuu, pamoja na mzee wa kukaa nacho. Hakuna aliyepata kukataza. Kumkataza mmoja ni kumtukana, na kuwakataza wote ni kuutukana mji.

Alfajiri Mwanamize alipofika bandani, akawakuta wameshaanza kupakia.

Mbari ya wapiga ngoma walikuwa wameipandisha ngoma kuu, ile iliyochongwa katika shina zima la msufi. Mwanamize akamwendea mzee wao, Mzee Shomvi, akamwamkia, "Shikamoo baba. Nakuomba, ngoma ibaki."

"Marahaba mwanangu. Ibaki kwa nini?"

"Ni nzito."

"Nzito?" Mzee Shomvi alicheka kwa upole. "Ngoma ni ngozi na hewa. Hewa ina uzito gani, mwanangu?"

Akawaendea wahunzi. Hao walikuwa wameweka fuawe, lile pande la chuma wanalofulia majembe na mikuki. Mzee wao hakukana. "Hili ni zito, sikufichi. Ila waambie kwanza wale washushe ngoma. Wakishusha wao, njoo tuzungumze."

Akarudi kwa Mzee Shomvi. Mzee Shomvi akasema, "Aa, wahunzi waanze wao."

Akamwendea mganga, Bwana Chande. Huyu alikuwa amepanga mitungi kuizunguka sehemu yote ya juu, mitungi mikubwa ya harusi, imejaa maji ya dawa. Mwanamize akasimama akaitazama. Mji mzima unagawiwa maji kwa kata, na hii hapa mitungi.

"Bwana Chande, haya maji yametoka wapi?"

"Birikani. Jumbe ameidhinisha. Ni dawa ya kukizuia kisizame."

"Mara ya kwanza kilipozama, hapakuwa na dawa?"

"Ilikuwapo. Haikutosha."

"Na ya pili?"

"Tuliongeza. Nayo haikutosha. Ndiyo maana leo nimeleta nyingi."

"Na kikizama leo?"

"Basi tutajua kwamba haikutosha," alisema mganga, bila hila yoyote. Naye alikuwa anaamini, msidhani alikuwa mwongo.

Mwisho akamwendea Jumbe mwenyewe, ambaye alikuwa tayari juu, amekaa kwenye kiti chake cha enzi cha mpingo, na chini ya kiti limewekwa jiwe la kukaliwa na kiti.

"Jumbe wangu, uzito ni mwingi."

"Mimi ni mtu mmoja, Mwanamize."

"Na kiti?"

"Kiti si mtu."

Mwanamize akamwacha. Kuna wakati mtu huchoka hata hasira. Akaingia tumboni mwa Kifaru walimokuwa wasukumaji wake. Kiongozi wao, kijana mmoja mpana wa mabega aitwaye Shaame, akamuuliza, "Wamekubali, Mama?"

"Kila mmoja amekubali kwamba kitu cha mwenzake ni kizito."

"Basi tusukume," alisema Shaame. "Tutafanyaje?"

Wakasukuma. Kwenye mteremko wa kilima kilikwenda chenyewe, na kule juu watu wakashangilia, wakasema dawa inafanya kazi. Kwenye uwanda kilikwenda kwa jasho. Kilipofika kijitoni, pale pale palipojulikana, magurudumu ya mbele yakaingia topeni mpaka nusu, kikasimama.

Juu wakaanza. "Nilisema mimi!" "Gurudumu la kushoto, ndilo lile lile lililomuua mjomba!" Wazee walichomoa fimbo zao, wakawa wanainama kulichapa gurudumu kutoka juu, kila mmoja bila kuachia alichokuja nacho. Mzee Shomvi akaamuru ngoma ipigwe ili wasukumaji watiwe moyo, ikapigwa, na kwa kila pigo Kifaru kikatetemeka na kuzidi kudidimia. Ng'ambo, watu wa Mkwaya walikuwa wametoka kutazama. Hawakufanya hata haraka ya kuchukua pinde. Walikuwa wamelisikia jina la Mla-Wenyewe, na Mkwaya aliwaambia hana haja ya kupoteza mishale kwa mnyama anayejizika. Lango la boma waliliacha wazi, wakakaa juu ya magogo, wakila miwa.

Bwana Chande akaona sasa ndio wakati. Akauinua mtungi mmoja, akaupasua juu ya gurudumu.

Mwanamize alikuwa tumboni, ametia bega pamoja na wenzake. Maji yakapenya kwenye mianya ya mbao, yakadondoka gizani. Akawaona wale vijana, midomo imewapasuka kwa kiu, wameacha kusukuma. Walikuwa wameinua nyuso, wamefumba macho, wanaachama ili matone yawaangukie kinywani.

Akawaambia wakae karibu na mlango, akatoka nje. Alikuwa na tope mpaka mapajani. Akasimama pale ambapo Jumbe angeweza kumwona.

"Jumbe, umeshinda!" alipaza sauti. "Nipe moto."

Fimbo zikasimama. "Unasemaje?" Jumbe aliuliza.

"Ulisema kikizama utakichoma. Kimezama. Nipe moto nikichome mwenyewe, maana kilijengwa na babu yangu. Sina ugomvi na mtu tena. Gurudumu ni baya, na liwe baya. Nimechoka."

Jumbe akawatazama wazee. Wazee wakatazamana. Bwana Chande, ambaye siku zote alikuwa na chetezo cha kufukizia, akawasha mwenge humo akamshushia. Mwanamize akaupokea, akageuka kuelekea kwenye mbao.

"Ngoja, wewe!" alipiga kelele Mzee Shomvi. "Sisi tumo humu!"

"Nawaona, baba. Na chombo chote kimelowa mafuta ya mbarika, kitawaka kama utambi. Kwa hiyo mimi nasema neno moja tu, kisha nachoma. Alaumuye gurudumu na ashuke kwanza!"

Oo, wajukuu zangu, waliposhuka walishuka! Hakuna aliyengoja mwenzake aanze. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kitu cha mbari yake kiungue, kila mmoja alishusha chake. Ile hewa ya Mzee Shomvi ilihitaji nusu ya mbari yake kuibeba, tena wakihema. Fuawe la wahunzi lilipodondoshwa ukingoni, ardhi ilitikisika. Mitungi ikapita mkono kwa mkono. Kikashuka kiti, likashuka jiwe la kiti, akashuka Jumbe, amekunja kanzu. Wote wakasimama ukingoni kutazama moto.

Moto haukuja. Mwanamize alikuwa amesimama vile vile na mwenge wake, amesikia kitu. Lilikuwa tope, linanyonya na kuachia kama ng'ombe anapochomoa mguu. Kifaru kililia mbao zote kwa pamoja. Halafu pembe yake, iliyokuwa imeinamia maji, ikaanza kupanda. Mvule ni mti, na mti huelea ukiruhusiwa. Gurudumu lililokuwa limezikwa nusu likatokeza, jeusi, linadondosha tope.

Sauti ya Shaame ikatoka tumboni. "Mama! Kimeinuka!"

"Choma basi!" alisema Jumbe, ambaye alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu kama vimechafuka.

"Subiri kidogo, Jumbe," alisema Mwanamize. Akautupa mwenge topeni, ukazimika kwa mlio. "Shaame! Sukumeni!"

Wako wanaosema alikuwa ameipanga hila ile tangu alfajiri. Wako wanaosema alikuwa amechoka kwelikweli, na kama tope lingechelewa kidogo tu angekichoma. Mimi sikuwapo. Lakini nikifikiri yale aliyoyavumilia asubuhi ile, naona alikuwa amechoka.

Vita vyenyewe havina marefu. Watu wa Mkwaya walimwona mnyama aliyejizika akifufuka na kuwajia mbio, na kumbe anazo mbio. Miwa ikatupwa. Wakagombania kuingia ndani, wakalifunga lango kwa komeo moja, bila hata kuliegemeza gogo. Pembe ililigusa, na lango likalala. Mkwaya na watu wake wakatorokea upande wa nyuma wa boma, na sijasikia kwamba walirudi.

Wakati wengine wakipiga vigelegele, Mwanamize alijaza kibuyu chake. Alikuwa na safari ya kupanda kilima haraka, kwa Nakuzi na yule mtoto anayelala sana. Lakini alipoinuka akasikia sauti nyuma yake.

"Dawa imeshika," alikuwa akisema Bwana Chande. "Ilichelewa tu."

"Ngoma ndiyo iliyokiamsha," alisema Mzee Shomvi.

Akageuka. Walikuwa wameshaanza kupakia. Fuawe lilikuwa linapandishwa. Kiti kilikuwa tayari juu, na Jumbe anasaidiwa mguu wa pili, maana aliona haifai mkuu wa mji arudi na ushindi kwa miguu.

Mwanamize hakuwangoja. Alikishika kibuyu chake kifuani, akashika njia ya kilimani. Mtoto alikunywa tone kwa tone kutoka ncha ya kidole cha bibi yake, na jioni mama yake naye alipokuwa ameshiba maji, mtoto alilia tena, na safari hii kwa machozi. Nyumba nzima ikafurahia kelele hiyo.

Huku nyuma, wasukumaji walitoka tumboni mmoja mmoja, wakaketi kwenye majani.

"Mbona hamsukumi?" Jumbe aliuliza kutoka juu. "Gurudumu limekwama tena?"

"Bado, Jumbe wangu," alijibu Shaame kwa adabu zote. "Ila tunajua litakavyosemwa likikwama. Basi sisi tunasema mapema. Alaumuye gurudumu na ashuke kwanza."

Mmoja akacheka, kisha wengi. Jumbe akawatazama, naye hakuwa mtu mbaya. Kisha akashuka. Akapanda kilima kwa miguu, viatu mkononi, na wazee wote wakawa hawana budi kumfuata, kila mbari na mzigo wake kichwani. Njiani walikuwa wakisimama kupumzika, na nasikia Mzee Shomvi hakusema tena habari za hewa.

Ningependa kuwaambia kwamba Kifaru kilipewa heshima yake tangu siku ile. Hakikupewa. Kuku wakiacha kutaga, bado walilitazama banda lile kwa jicho baya, na Mwanamize aliendelea kuokota mawe mpaka uzee wake. Jina baya halitoki kwa ushindi mmoja. Lakini kila aliyekitukana alipata mtu wa kumjibu kwa yale maneno, na maneno yakatoka Kisange yakaenda zake, yakafika mpaka kwa mama muuza mihogo.

Sasa nawaona mnatazamana. Haya, Shaweji, shusha hiyo ngoma ya kushangilia. Zile kreti za soda nazo. Na wewe uliyelala juu ya mikoba ya wenzako tangu nianze hadithi, ndiyo, wewe, ruka chini. Wote mmeshuka? Vizuri. Mashauri, washa gari. Sukumeni.

Bado? Hebu tena, kwa pamoja.

Bado. Hili tairi nalo! Nilimwambia Mashauri tangu nyumbani kwamba tairi hili ni kipara, halifai kwa safari ya... Mwaija, mbona umesimama hapo dirishani unanitazama hivyo? Na nyie mnacheka nini?

Aa.

Nifungulie mlango, mjukuu wangu, kitasa cha ndani ni kibovu. Nishike mkono. Polepole, goti hili. Haya, nimekanyaga chini. Sasa sukumeni, nami nitawaimbia: alaumuye gurudumu na ashuke kwanza.